Kupima spektra ya infraredi ya PAH maabara: kuanzia kidonge cha chumvi mpaka barafu ya argoni

PAH ni zile haidrokaboni zenye pete za benzini zilizoungana ubavu kwa ubavu. Naftalini ndo ndogo kabisa (C10H8, pete 2), alafu zinafuata antrasini, fenantreni, pireni, mpaka mijitu kama koroneni (C24H12) yenye pete 7. Zimo kwenye masizi, lami, moshi wa dizeli, na zaidi ya hapo ziko angani kwa wingi. Kuanzia 1973 wanaastronomia walikuwa wanaona mng'ao wa infraredi kwenye nebula na hawajui unatoka kwa nani, mng'ao wenyewe uko kwenye mikroni 3.3, 6.2, 7.7, 8.6 na 11.2 hivi, mpaka Léger na Puget mwaka 1984, kisha Allamandola, Tielens na Barker mwaka 1985, wakasema hizi ni PAH. Saivi darubini ya James Webb inaleta data kali sana kwenye eneo hilo hilo, na data hiyo bila spektra za maabara za kulinganishia haisemi mengi.

Sasa kabla hujagusa mashine, kuna swali moja tu la kujiuliza: unataka molekuli ikae kwenye hali gani wakati inapimwa? Maana PAH ile ile moja ukiipima kwenye kidonge cha chumvi, kwenye kimiminika, kwenye argoni iliyoganda au ikiwa gesi ya moto, bendi (vilima vya spektra) zinahama, zinanenepa, na nguvu zake zinabadilika. Kuipata spektra siyo kazi, mashine itakupa tu hata ukiweka uchafu, kazi ni kujua hiyo uliyoipata inajibu swali gani. Kama unataka kuhakiki tu kwamba kopo limeandikwa pireni na ndani kweli kuna pireni, kidonge kinatosha kabisa. Kama unataka kulinganisha na nyota, kidonge hakikufai, nenda kwenye argoni au gesi.

Usalama kwanza, kwa ufupi

Hizi siyo sukari. Benzo[a]pireni iko kundi la 1 la IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani), yaani inasababisha saratani kwa binadamu, bila "labda". Naftalini iko 2B. Vaa glavu za nitrili, ubadilishe mara kwa mara maana ukishaziloweka na kimumunyisho haziaminiki tena, pima unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, usipulize, usikaushe meza kwa kitambaa kikavu (unarusha vumbi), futa kwa karatasi yenye etanoli alafu itupe kwenye taka za kemikali. Zingine zinang'aa chini ya taa ya UV, kwa iyo ukimaliza washa taa ndogo ya UV, vaa miwani yake, angalia meza na glavu zako. Utashangaa zimefika wapi.

Hatua ya 1: safisha sampuli

Kopo lililoandikwa 98% lina 2% ya kitu kingine, na mara nyingi hicho kitu kingine ni PAH ndugu yake, kwa mfano antrasini ya dukani inapenda kuja na fenantreni kidogo. Njia nzuri ni kuivukiza na kuigandisha tena chini ya vakyumu, au kuifuwelisha upya kwenye kimumunyisho. Jinsi ya kujua imesafika: angalia eneo la 2850 mpaka 2960 cm⁻¹ (cm⁻¹ ni idadi ya mawimbi ndani ya sentimita moja). PAH tupu isiyo na matawi haina bendi kali hapo, C-H zake za aromati ziko juu ya 3000, karibu na 3050. Ukiona vilima pale 2920 na 2850, basi una mafuta: grisi ya pampu, kidole cha mtu, mabaki ya kimumunyisho, au plastiki ya chombo. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza siku zote, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: andaa mashine

Nazungumzia FTIR ya kawaida, yaani mashine ya kupima spektra ya infraredi: chanzo ni kijiti cha silikoni kabaidi kinachowaka, kigawa-mwanga cha KBr (bromidi ya potasiamu), na leza ya heli-neoni ya nm 632.8 inayohesabu mwendo wa kioo. Kwa kidonge detekta ya DTGS, ile isiyohitaji kupozwa, inatosha. Kwa sampuli nyembamba za argoni tumia MCT, detekta nyeti zaidi, ila hiyo inataka kupozwa kwa naitrojeni kimiminika mpaka 77 K, na ukiimimina subiri itulie, usianze kupima hapo hapo maana sifuri yake inatembea.

Adui yako mkubwa kwenye hatua hii ni hewa. Mvuke wa maji umejaa mistari myembamba kuanzia 1300 mpaka 2000 cm⁻¹ hivi na tena 3500 mpaka 3900, na CO2 ina bendi pale 2349 na 667. Bendi za C-C za PAH ziko 1300 mpaka 1610, yaani katikati kabisa ya maji. Kwa iyo piga hewa kavu au naitrojeni ndani ya mashine nusu saa kabla, au kama mashine yako ni ya vakyumu basi hiyo ni raha. Usifunguefungue kifuniko. Kila ukifungua unaanza kusubiri upya.

Hakiki namba za mashine kwa filamu ya polistireni. Bendi yake ya 1601 cm⁻¹ na ile ya 1028 zinatakiwa zikae pale pale. Zikihama, rekebisha kwanza, usije kuandika mhamo wa 2 cm⁻¹ kwamba ni fizikia wakati ni leza haijapangwa.

Kuhusu azimio (uwezo wa kutenganisha bendi zilizo karibu): kidonge 2 au 4 cm⁻¹ inatosha, bendi zenyewe ni nene. Argoni nenda 0.5 au 1, maana bendi za kule ni nyembamba na ukizipima kwa 4 unazipondaponda, kilele kinashuka na mbili zinaonekana moja. Idadi ya skani, kumbuka kelele inashuka kwa kipeuo cha pili, yaani ukitaka kelele ipungue nusu unahitaji skani mara 4, siyo mara 2. Ukifika skani 500 au 1000 faida inakuwa ndogo na mashine inaanza kuyumba kwa joto, sasa hapo unapoteza muda tu.

Hatua ya 3: kidonge cha KBr

Kausha bromidi ya potasiamu kwenye oveni nyuzi 110 za Selsiasi usiku kucha, alafu iweke kwenye desiketa. Hii chumvi inanyonya unyevu vibaya sana, na maji yake yanatokea kama kilima kinene pale 3400 na kingine 1640.

Chukua miligramu 1 ya PAH kwa miligramu 200 za KBr. Saga KBr yenyewe kwanza kwenye kinu cha agate, alafu weka PAH, saga tena pamoja kwa muda mfupi. Lengo ni chembe ziwe ndogo kuliko urefu wa wimbi, chini ya mikroni 2 hivi. Zikiwa kubwa zinatawanya mwanga na utaona mstari wa msingi unalala upande, upande wa namba kubwa unapoteza mwanga zaidi kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Pia bendi zinaweza kupinda, upande mmoja unapanda upande mwingine unazama. Hiyo siyo kemia, rudi ukasage. Naftalini ina usumbufu wake, ni laini kama nta na inavukiza yenyewe, ukisaga muda mrefu inakimbia, ukiivutia vakyumu kwenye kifaa cha kubana inakimbia zaidi, kwa iyo hiyo fanya haraka na usitegemee uwiano ulioupima kwenye mizani.

Weka mchanganyiko kwenye kifaa cha mm 13, vuta vakyumu dakika chache kutoa hewa, bana tani 8 mpaka 10 kwa dakika 1 au 2. Kidonge kizuri unaona maandishi kupitia kwake. Chenye mawingu kina unyevu au hakijasagwa.

Alafu, tafadhali, tengeneza kidonge kingine cha KBr tupu kwa njia ile ile ya kusaga na kubana, hicho ndo bakgraundi yako (kipimo cha kulinganishia), siyo hewa tupu. Watu wengi wanaruka hapa kisha wanatumia siku nzima kuelezea bendi ya 1640 ambayo ni maji.

Angalia bendi kali kuliko zote: abzobansi yake (kipimo cha mwanga uliomezwa) isizidi 1. Ikizidi, ongeza KBr. Bendi iliyogonga chini haina umbo wala nguvu ya kuaminika.

Kuna watu wanatumia ATR ya almasi (mwanga unapita ndani ya almasi na kugusa sampuli iliyobanwa juu yake) badala ya kidonge, unaweka unga unabana na kupima, dakika mbili umemaliza. Sawa kwa kutambua kitu. Ila kina ambacho mwanga unaingia kwenye sampuli kinaongezeka kadiri wimbi linavyorefuka, kwa iyo bendi za chini ya 1000 zinaonekana kali kupita kiasi ukilinganisha na ile ya 3050, na vilele navyo vinahama kidogo. Usichukue uwiano wa nguvu kutoka ATR bila kusahihisha.

Hatua ya 4: kuisoma

Hapa ndo patamu. Kugeuza namba ni rahisi, mikroni = 10000 gawanya kwa cm⁻¹, kwa iyo 3030 ni mikroni 3.3 na 890 ni 11.2.

Nenda moja kwa moja kwenye 700 mpaka 900 cm⁻¹. Hizo ni C-H zinazopinda nje ya bapa la molekuli, na mahali zinapokaa kunategemea hidrojeni ngapi zimekaa jirani kwenye pete moja. Hidrojeni iliyo peke yake iko 860 mpaka 900 hivi, mbili jirani 800 mpaka 860, tatu jirani 750 mpaka 810, nne jirani 735 mpaka 770, ingawa mipaka inaingiliana na wengine wanatoka nje kidogo. Mfano antrasini: pete ya kati ina hidrojeni mbili za upweke, na pete za pembeni kila moja ina nne jirani. Utaona bendi mbili kali, moja karibu na 880 na nyingine karibu na 730. Koroneni zote ni mbili mbili, kwa iyo bendi moja inatawala karibu na 850. Naftalini zote ni nne nne, na kilele chake kikubwa kiko karibu na 782, nje kidogo ya eneo la nne jirani. Hata hivyo ukiona naftalini haina kilele kikali hapo, hiyo siyo naftalini.

Kati ya 1650 na 2000 utaona vilima vidogo vidogo vingi. Usivifute ukidhani ni kelele, ni mijumuisho ya mitetemo miwili kwa pamoja, na mpangilio wake unafuata zile C-H za chini, kwa iyo vinasaidia kuthibitisha.

Hatua ya 5: argoni, kwa wanaotaka kulinganisha na anga

Ndani ya kidonge molekuli zimebanana fuwele kwa fuwele, na zinasukumana. Angani molekuli iko peke yake. Njia ya kuitenga maabara ni kuigandisha ndani ya argoni, ambayo haijibizani na kitu na haina bendi yake kwenye infraredi ya kati.

Unahitaji kraiostati (mtambo wa kupoza) ya heli inayofika 10 K hivi, dirisha la CsI (iodidi ya sizi) lililopozwa katikati ya chemba, na vakyumu ya 10⁻⁸ mbar au karibu na hapo. Vakyumu mbaya maana yake maji yanaganda kwenye dirisha pamoja na sampuli yako, na yakiwa ndani ya argoni yanatoa mistari pale 1608 na 1624, jirani kabisa na bendi ya C-C ya PAH. Ndo maana napima mara tatu: dirisha baridi likiwa tupu, dirisha na argoni peke yake, alafu argoni na PAH. Ile ya katikati ndo inayokuokoa.

PAH inawekwa kwenye kibomba kidogo kinachopashwa moto, kikielekea dirishani, na argoni inaingia kwa bomba lake pembeni, vyote viwili vinagonga dirisha pamoja na kuganda. Joto la kibomba linatofautiana sana. Naftalini haihitaji kupashwa hata kidogo, inavukiza kwa joto la chumba, tena bora uichanganye na argoni kwenye chupa kabla. Pireni inataka joto kiasi, koroneni inataka zaidi ya nyuzi 100. Panda polepole ukiangalia kipimo cha presha. Ukipandisha kwa pupa utavukizisha uchafu wote kwanza na kisha PAH nene mno.

Uwiano uwe angalau argoni 1000 kwa PAH 1. Huwezi kuupima moja kwa moja kirahisi, kwa iyo fanya hivi: rudia jaribio na argoni nyingi zaidi. Bendi ya molekuli iliyo peke yake inabaki na umbo lake, ila yale mabega yaliyokuwa pembeni yakipungua kuliko kilele basi mabega hayo ni molekuli zilizoshikana mbili mbili. Ambayo hayapungui, hiyo huenda ni molekuli zilizokaa kwenye nafasi tofauti ndani ya fuwele ya argoni. Pasha moto taratibu mpaka 30 K hivi, rudisha 10, pima tena, mara nyingi za nafasi tofauti zinapangika upya. Usizidi 35, argoni inaanza kuondoka na sampuli yako inakwenda nayo.

Unene wa barafu unajulikana kwa yale mawimbi yanayoonekana kwenye mstari wa msingi, mwanga ukirudi kutoka uso wa mbele na wa nyuma. Unene = 1 gawanya kwa (2 × n × umbali kati ya mawimbi kwa cm⁻¹), n ya argoni chukua 1.29 hivi, jibu linatoka kwa sentimita.

Hatua ya 6: zikiwa na chaji

Angani PAH nyingi zimepokonywa elektroni na mwanga wa UV, na spektra ya ayoni (molekuli yenye chaji) ni kitu kingine kabisa. Kwenye PAH isiyo na chaji bendi kali ni ya 3.3 na zile za mikroni 11 mpaka 15. Ukiitoa elektroni, bendi za C-C na C-H za ndani ya bapa kati ya mikroni 6 na 9 zinapanda vibaya, na ile ya 3.3 inanyauka. Hili ndo lililofanya watu waelewe kwa nini 6.2 na 7.7 zina nguvu vile angani.

Maabara unachukua barafu yako ya argoni uliyokwisha kuipima, unaipiga na taa ya hidrojeni ya mikrowevu, ile inayotoa mwanga wa nm 121.6 yaani eV 10.2, kupitia dirisha la MgF2. Naftalini inahitaji eV 8.14 kutoa elektroni, pireni 7.4 hivi, kwa iyo taa inatosha. Dakika chache chache, unapima kila mara. Usitegemee zote zigeuke, ni asilimia ndogo tu inayogeuka. Kisha toa spektra ya kabla kutoka ya baada: zinazoenda chini ni za zamani, zinazokuja juu ni mpya, ila mpya siyo lazima iwe ayoni unayoitaka, inaweza kuwa kipande kilichokatika au ayoni yenye chaji hasi. Zipange zile zinazokua kwa mwendo mmoja, hizo zinatoka kwa kitu kimoja. Kama una spektromita ya mwanga wa kuonekana kwenye chemba hiyo hiyo itumie, ayoni chanya ya naftalini kwenye argoni ina bendi inayojulikana karibu na nm 675, ikikua pamoja na bendi zako za infraredi umeshinda kesi.

Hatua ya 7: nguvu za bendi na faili

Kama una hesabu za kompyuta za DFT (njia ya kukokotoa mitetemo ya molekuli), zilinganishe, ila masafa ya harmoniki yako juu mno siku zote, unayazidisha kwa takriban 0.96 ndo yanakaa. Na nguvu ya C-H ya mikroni 3.3 hesabu hizo huwa zinaizidisha, kama mara mbili hivi, kwa iyo ukiona yako ni ndogo usikimbilie kulaumu detekta. Kwenye argoni ni salama zaidi kutoa nguvu za uwiano, yaani kila bendi gawanya kwa ile kali kuliko zote, kuliko kudai namba kamili wakati hujui molekuli ngapi zilifika dirishani. Pima eneo chini ya bendi, siyo urefu wa kilele, maana urefu unategemea azimio.

Ukihifadhi, weka faili ghafi pamoja na bakgraundi yake, siyo ile uliyokwisha kuilainisha na kunyoosha mstari wa msingi. Andika ndani ya faili: hali ya sampuli, halijoto, uwiano, azimio, idadi ya skani, detekta, na PAH imesafishwa vipi. Kama ni gesi andika halijoto kwa msisitizo, kwa sababu PAH ikipata moto bendi zake zinateremka kuelekea cm⁻¹ ndogo na kunenepa, na huko angani zinang'aa zikiwa za moto baada ya kumeza fotoni moja ya UV, siyo za 10 K kama zako. Anayetaka kufananisha spektra yako na nebula lazima ahamishe bendi kwa sababu hiyo, na hawezi kujua ahamishe kiasi gani kama hukumwambia ulianzia kwenye halijoto gani.